Ada ya Wageni, Kiti cha Babu

Red Deer, Alberta
22 Oktoba 2023

Shangazi Normande,

Pokea salamu za mpwa wako ambaye hujamtia machoni tangu akiwa na meno ya utotoni. Huku tu wazima. Mama bado anaoka mikate, mgongo unamsumbua lakini hasikii la mtu. Theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka siku hiyohiyo. Mimi niko mwaka wa mwisho wa sekondari, na wenzangu wote wanaongea habari za vyuo tu.

Nakuandikia kwa Kifaransa changu hikihiki cha kuungaunga. Mwezi uliopita nilikupigia simu mara mbili. Mara ya kwanza nilianza kwa Kiingereza kwa mazoea, ukakata. Mara ya pili nilianza kwa Kifaransa, nikababaika, nikakata mwenyewe. Ndiyo maana nimeshika kalamu, kwa sababu kwenye barua mtu anababaika bila kuonekana.

Sasa nikueleze lililonileta. Nimeomba nafasi ya kusomea elimu ya udongo katika chuo kikuu kimoja cha Kiingereza kule Montréal. Siku chache zilizopita serikali yenu ya Québec ikatangaza kwamba kuanzia mwaka ujao wanafunzi wanaotoka mikoa mingine ya Kanada watalipa ada karibu mara mbili. Eti tunakuja wengi, tunajaza mitaa Kiingereza, na Kifaransa chenu kinasongwa. Tulikuwa mezani tukitazama runinga. Na unajua Baba alifanya nini? Alipiga makofi! Akasema, "Safi kabisa! Wamechelewa tu!" Mama akamwambia, "Réjean, anayelipishwa hapo ni mwanao." Akajibu, "Najua," akanyanyuka akaenda zake gereji.

Mtu huyo, Shangazi, hajawahi kunifundisha hata kuomba chumvi kwa Kifaransa. Nilichonacho nimekiokota shuleni na redioni. Kifaransa chake yeye hutoka timu yake ya hoki inapofungwa, na maneno anayosema hapo siwezi kumwandikia mtu mzima.

Nina swali moja tu. Na wewe ulipiga makofi?

Mpwa wako,
Mireille Lavertu


Lac-Saint-Jean, Québec
6 Novemba 2023

Mwanangu Mireille,

Barua yako ilifika Jumanne, imeandamana na tangazo la mabeleshi ya theluji. Nilianza kusoma yako, ujue nakuheshimu. Mimi ni mzima kwa kiasi cha umri wangu. Goti la kushoto linatabiri hali ya hewa kuliko redio. Nimesindika achari ya nyanya mbichi, chupa nyingi kuliko ninazoweza kuzimaliza, maana nilizoea kupikia nyumba nzima na nyumba yenyewe imebaki na mimi na paka. Jirani yangu Fleurette anakusalimu ingawa hakujui.

Ndiyo, nilipiga makofi. Nilipiga mpaka paka akakimbia.

Sikiliza nikwambie. Nilipokuwa msichana niliuza glavu katika duka kubwa moja Montréal. Sheria ya dukani ilikuwa mteja asalimiwe kwa Kiingereza, hata awe nani. Siku moja akaja mama yangu mdogo, dada wa mama yangu mzazi, kununua glavu. Msimamizi amesimama nyuma yangu. Basi nikamuuzia mama mdogo glavu kwa Kiingereza, na yeye akanijibu kwa Kiingereza, na hakuna kati yetu aliyekijua. Alinunua zisizomtosha. Tulikuwa katika mji wetu wenyewe, mwanangu, mji ambao wengi wa watu wake walikuwa wanaongea kama sisi. Mambo hayo hayakubadilika kwa kuombana kwa upole. Tulitoka barabarani, tukapiga kelele, mimi nikiwemo, na viatu vibovu.

Sisi ni chumvi kidogo ndani ya sufuria kubwa. Kila mtu akija na jagi lake la maji akamimina, itafika siku mtu ataonja aulize kama humu palikuwa na chumvi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwacha mila ni mtumwa. Hayo ndiyo ninayoamini na sitayabadilisha kwa ajili ya ada ya mtu mmoja, hata akiwa ana pua ya kwetu.

Halafu udongo upo hata Alberta, tena mwingi. Kwa nini Montréal?

Habari za huyo baba yako usiniandikie. Sikuuliza.

Shangazi yako,
Normande


Red Deer, Alberta
24 Novemba 2023

Shangazi,

Salamu. Huku baridi imekuwa baridi kweli, gari la Mama limegoma kuwaka. Nimetimiza miaka kumi na minane wiki iliyopita. Fleurette msalimie, angalau yeye hajanipigia makofi.

Barua yako imenipandisha hasira siku mbili nzima, kwa hiyo leo naandika nikiwa nimetulia kidogo. Kisa cha glavu kimeniuma. Nasema kweli. Lakini msimamizi yule si mimi. Sikuwa nimezaliwa. Unaniambia mwacha mila ni mtumwa. Sawa. Na aliyenyimwa mila je, yeye anaitwa nani? Mimi sikuacha kitu. Nilizaliwa nikakuta kimeshaachwa, na sasa ninapojaribu kukiokota, mnaniambia nilipie kwanza mlangoni.

Mnasema mnataka watu waje waongee Kifaransa. Mtoto wa Lavertu anataka kuja, mnamfungia lango. Huko ni kulinda lugha au ni kulinda lango?

Kwa nini Montréal? Sitakujibu. Na wewe kuna uliyokataa kuyasema.

Na hili nalisema ingawa umenikataza. Wewe na Baba hamjasemezana tangu Babu Adélard azikwe. Katika miaka yote hiyo mmekubaliana jambo moja tu, kwamba mimi nilipe. Nikimuuliza Baba mlikosana nini, anaongeza sauti ya runinga. Mimi na wewe hatujakosana. Nyie ndio mmekosana, na ninayelipishwa ni mimi. Kwa hiyo nina haki ya kujua. Kulikoni?

Mireille


Lac-Saint-Jean, Québec
15 Desemba 2023

Mireille,

Hongera kwa kutimiza miaka. Nimekutumia soksi nilizofuma, zikija na mguu mmoja mrefu ujue nilikuwa nasikiliza habari. Hapa theluji imefika dirishani. Wamepunguza ada kidogo, nimesikia, na wamewaambia wale wakuu wa vyuo vya Kiingereza kwamba wanafunzi wao wa nje wajifunze Kifaransa. Wanalia kama wamechinjwa. Nawaonea huruma, lakini si sana.

Umeuliza kulikoni. Una ulimi, wewe. Huo hukuuokota redioni.

Katika nyumba zetu, asubuhi ya Mwaka Mpya, kabla mtu hajatia kitu kinywani, mtoto mkubwa humwendea baba akamwomba awabariki wote. Watu wanapiga magoti, baba anainua mkono, anasema maneno yake machache, kisha ndiyo tunabusiana na kula. Anayeomba ni mkubwa, si mwingine. Mkubwa wetu ni baba yako. Hata alipokwenda Alberta kwenye kazi ya visima vya mafuta aliomba kwa simu. Baba yetu, babu yako, anashika mkono wa simu, sisi tuliobaki magotini jikoni, na yeye magotini hukohuko kambini kwao, nadhani mbele ya wenzake. Nilimpenda sana kwa hilo.

Januari ya 2010 simu haikulia. Baba alikuwa amevaa suti yake ya kijivu, amekaa katika kiti chake, mikono juu ya mapaja. Tukangoja. Saa za kula zikapita. Nikamwambia, "Baba, niombe mimi." Akasema, "Mkubwa wenu yuko hai. Tunamngoja." Pai ya nyama ikapoa mezani. Giza likaingia. Hakula, hakuinua mkono, na sisi hatukula. Mwezi wa Machi tulimzika na suti ileile.

Baba yako alikuja mazishini. Nikamuuliza mbele ya watu, "Ulikuwa wapi?" Akanyamaza. Nikamwambia, "Basi nyamaza moja kwa moja." Amenitii. Ni mara ya pekee katika maisha yake.

Kiti kiko ukumbini. Hakuna anayekikalia. Paka nimemkataza, ingawa paka ni kama wewe, hakatazwi.

Heri ya Krismasi kwenu, wote watatu.

Normande


Red Deer, Alberta
3 Januari 2024

Shangazi Normande,

Heri ya Mwaka Mpya. Soksi zimefika, zimenitosha zote mbili. Mama anashukuru kwa kuwa ulisema watatu.

Barua yako ilifika siku ya mwisho ya mwaka. Niliisoma chumbani mara nyingi. Sikumwambia Baba kitu. Asubuhi yake, kabla hatujala, alikuwa amesimama jikoni anangoja kahawa. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake, palepale sakafuni, na nguo zangu za kulalia. Nikamwambia kwa Kifaransa, "Baba, naomba unibariki." Nilijizoeza usiku kucha, sikukosea. Mama alikuwa na sinia ya mikate ya mdalasini mkononi, akabaki nayo hivyohivyo.

Baba alibadilika rangi. Mkono wake uliinuka ukafika hapa kifuani, ukashuka. Akanijibu kwa Kifaransa. Shangazi, ni mara ya kwanza maishani mwangu kunijibu kwa Kifaransa, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine, ya kijana. Akasema, "Siwezi, binti yangu. Baraka ya mwisho sikuipokea. Nitakupa nini?"

Akatoka nje bila koti. Nikamfuata na koti lake, na huko gereji akaniambia yote, nami nakuambia kwa sababu yeye hatakuambia.

Mwaka uliotangulia ule, alimwahidi Babu kwenye simu, "Mwakani mtoto ataomba mwenyewe, utamsikia kwa masikio yako." Mtoto ni mimi. Wiki nzima ya Krismasi alikaa na mimi akinifundisha maneno. Nilikuwa na miaka minne. Nilicheka, nikakimbia, nikamjibu kwa Kiingereza, maana Kiingereza ndicho nilichokuwa nacho. Asubuhi ile alishika simu, akaniangalia, akairudisha mahali pake. Aliona heri aonekane hana adabu kuliko Babu asikie kwamba mjukuu wake hana lugha. Na baada ya mazishi akaona hakuna tena sababu ya kunifundisha. Kila neno la Kifaransa lilimkumbusha kiti kile.

Kwa hiyo simu haikulia kwa sababu yangu. Sasa unajua. Lakini usitegemee niombe radhi. Nilikuwa na miaka minne. Nyie mlikuwa watu wazima, jikoni mlikuwa na simu, na namba yetu mlikuwa nayo. Mlikaa kutwa nzima na njaa mkimngoja mtu apige, hakuna aliyewaza kumpigia yeye?

Mireille


Red Deer, Alberta
18 Machi 2024

Shangazi,

Natumaini goti halijambo. Nimengoja jibu tangu Januari. Kila siku namuuliza mtu wa posta mpaka amenizoea. Kama nilikukosea heshima, nambie kwamba nilikukosea heshima. Kunyamaza ni desturi ya familia hii na mimi nimeichoka.

Chuo kimenikubali. Hata hiyo ada waliyoipunguza hatuiwezi. Mama alitaka kuuza gari, nimemkatalia. Mwisho wa mwezi wa tano lazima niwajibu ndiyo au hapana.

Uliniuliza kwa nini Montréal. Nitakujibu sasa, kwa kuwa huenda nisije tena. Niliomba vyuo vingi, na katika vyote vilivyofundisha kwa lugha niliyoiweza, hicho ndicho kilichokuwa karibu zaidi na kwenu. Basi. Hakuna sababu nyingine.

Mireille


Lac-Saint-Jean, Québec
7 Aprili 2024

Mireille wangu,

Barafu la ziwani limeanza kulia, wiki chache zijazo litavunjika. Fleurette ameteleza ngazini, hajaumia ila kiburi. Achari bado ninayo.

Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa na haki, nami sijazoea watu wengine kuwa na haki. Simu ilikuwa ukutani, mwanangu. Nilikuwa nimepiga magoti chini yake. Tangu barua yako sipiti hapo bila kuiangalia. Wala haikunijia akilini siku ile! Mkubwa ndiye anayeomba, basi mkubwa ndiye anayepiga, na sisi tukakaa na adabu zetu mpaka giza. Nimelia, nikakasirika kwamba nimelia, nikalia tena.

Sasa nisikilize. Sheria ile ya ada niliipigia makofi na bado naipigia. Lakini ina mlango wa uani. Nilikwenda mjini kuuliza mwenyewe, na yule kijana wa ofisini nilimrudisha mara tatu mpaka akaeleza kwa maneno ya watu. Mtu wa nje akiishi Québec mwaka mzima bila kuwa mwanafunzi, anahesabiwa mtu wa hapa. Analipa ada ya watu wa hapa, hata akienda kusoma kwa hao Waingereza. Mimi naona ni haki. Mtu alipe kwa dola au alipe kwa kukaa.

Chumba cha juu ni kitupu. Mwezi wa nane beri za porini zimeiva na wachumaji hawatoshi, na kiwanda cha jibini kinatafuta watu mwaka mzima. Chuo kiambie kikungoje, kikikataa utaomba tena. Sharti langu ni kwamba Kiingereza hakivuki kizingiti changu. Ukiota kwa Kiingereza sitakuuliza. Utababaika, tutacheka, utanijibu jeuri, na hiyo jeuri itakufundisha haraka kuliko shule.

Umesema hukuacha kitu, ulikuta kimeachwa. Nimelifikiria hilo. Njoo uchukue.

Normande


Red Deer, Alberta
2 Juni 2024

Shangazi,

Salamu kutoka kwetu wote. Barua yako niliitupa kwenye kapu la taka, Mama akaiokota akaisoma kwa kamusi, neno kwa neno, imemchukua jioni mbili. Akanirudishia akasema, "Mwanamke huyu anaomba msamaha, ila hajui unaombwaje." Nikaisoma upya.

Nilikasirika kwa sababu ulikuwa unaniokoa kutoka katika shimo ulilolishangilia likichimbwa. Bado naliona hivyo. Lakini chuo kimekubali kuningoja, na mimi nakuja. Usinihesabu tu katika ushindi wako. Nina masharti yangu.

Mwaka ukiisha naenda kusoma kwenye chuo cha Kiingereza kama nilivyosema, na usinipe uso wa mazishi.

Pili, ada hiyo naipinga. Wako wasichana kama mimi wasio na shangazi mwenye chumba cha juu. Wakiandamana, nitaandamana nao.

Tatu, anayenileta ni Baba, kwa gari. Tutafika kwenu katikati ya Agosti. Nimemwonyesha barua zako zote, usikasirike. Alipomaliza kuzisoma alikwenda kukagua matairi. Anasema atanishusha, na hatakanyaga nyumba ya aliyemnyamazisha mpaka amwite mwenyewe. Atalala ndani ya gari kwenye njia yako, asubuhi aanze safari ya kurudi. Ni Lavertu, unamjua. Basi na mimi ni Lavertu. Kama yeye atalala garini, nami nitalala humohumo, na huo mwaka wako nitauanzia hapo njiani.

Mireille


Lac-Saint-Jean, Québec
14 Julai 2024

Mireille,

Tuko wazima, joto limetushika shingo, mbu wanatumaliza. Beri zitakuwa nyingi mwaka huu. Mwambie mama yako Kifaransa chake cha kamusi kimenisoma vizuri kuliko padri. Na yeye aje. Kwake yeye kizingiti nitakilegeza kidogo, kwa siku ya kwanza tu.

Masharti yako niliyasoma nimesimama, nikakaa. La kwanza nimelikubali, ila uso wangu ni huohuo siku zote, hilo siwezi kukuahidi. La pili, andamana. Mimi niliandamana na viatu vibovu, wewe nitakununulia vizima, na chakula nitakufungia. Ila bango liandikwe kwa Kifaransa, usinitie aibu. Na usiku huo ukirudi nyumbani tutagombana mezani mpaka Fleurette agonge ukuta. Njoo unipinge hapahapa, nikusikie.

La tatu. Hakuna mtu wa kwetu atakayelala garini kwenye njia yangu huku kitanda kipo. Unasema aitwe. Nimeshamwita. Jana jioni nilisimama chini ya simu, nikapiga namba yenu ileile ya zamani, niliiweka kichwani miaka yote hii. Akapokea yeye. Nikasikia anavyopumua. Nikasema, "Réjean, simu hii ilikuwa ilie." Akasema, "Najua, Normande." Hatukuweza zaidi ya hapo. Huenda hajakuambia.

Kiti nimekitoa ukumbini, nimekipangusa, kiko jikoni mahali pake. Mkubwa wetu yuko hai, Baba alisema mwenyewe. Siku mtakayofika, kabla mtu hajatia kitu kinywani, yeye atakaa hapo. Wewe utaomba, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa wa watoto na ulikuwa uombe tangu zamani. Mimi nitapiga magoti nyuma yako, goti likikataa nitalilazimisha. Fleurette ananicheka, eti, "Normande, Mwaka Mpya katikati ya Agosti?" Nimemwambia mwenye neno na kalenda yangu aje aniulize mimi.

Akikuambia tena kwamba baraka ya mwisho hakuipokea, mwambie hata sisi hatukuipokea. Wote tulilala na njaa siku ile.

Mwambie kaka yangu aje na suti. Pai nitaitia ovenini nikisikia gari, na safari hii haitapoa.

Shangazi yako,
Normande